Nyumba Moja, Kompyuta Tatu, Orodha Mbili: Ipi ya Kuaminiwa?

Wiki hii tumeona tuzungumze jambo ambalo huenda baadhi yenu mkashangaa kulikuta katika ukurasa huu: faili za kompyuta, namna zinavyosafiri baina ya kompyuta moja na nyingine ndani ya nyumba, na namna zinavyopotea au kuonekana kana kwamba zimepotea. Hatukulichagua kwa kupenda habari za mitambo. Limetufikia kwa mlango wa mirathi.

Miezi michache iliyopita walitujia warithi wa mzee mmoja aliyekuwa na duka la mbao hapa Mombasa, Mwenyezi Mungu amrehemu. Aliacha mjane, mwana wa kiume na mabinti wawili. Mirathi ina mpango wake unaojulikana: kwanza gharama za mazishi, kisha madeni ya maiti, kisha wasia wake usiozidi thuluthi ya mali, ndipo kinachosalia kigawanywe. Tulipouliza madeni, tukaletewa orodha mbili zilizochapishwa, zote zina kichwa kimoja. Ile iliyotoka kwa mwana, aliyekuwa akifanya kazi dukani, ilionyesha kuwa marehemu alidaiwa shilingi 120,000 na mtu aliyemletea mbao. Ile iliyotoka kwa binti mkubwa, aliyekuwa akiishi na baba yake nyumbani, ilionyesha deni la mtu yule yule kuwa ni shilingi 180,000, na chini yake deni jingine la shilingi 45,000 la fundi wa paa. Kwa orodha ya kwanza maiti anadaiwa 120,000. Kwa ya pili, 225,000. Kila mmoja aliapa kuwa hakugusa kitu. Na kwa kuwa kila mmoja alikuwa na yakini kuwa yeye hakugusa, ilimbakia tafsiri moja tu: basi ni mwenzangu aliyegusa.

Hakuna aliyekuwa mwongo kati yao. Mzee alikuwa ameiweka orodha yake katika folda iliyounganishwa na hifadhi ya wingu, nayo ikionekana katika kompyuta tatu: ya dukani, ya nyumbani, na ya binti mdogo anayesoma chuo huko Eldoret. Ikatokea mtandao wa dukani ukakatika kwa siku 11. Katika siku hizo mzee alilipa shilingi 60,000 katika deni la mbao, akayaandika malipo hayo katika kompyuta ya dukani, ambayo haikuwa na njia ya kuzijulisha zile nyingine. Jioni moja, akiwa nyumbani, akamwambia bintiye aongeze deni la fundi. Binti akaliongeza katika nakala aliyoiona mbele yake, nakala ambayo haikuwa na habari ya malipo. Mtandao uliporudi dukani, programu ikakuta faili moja imebadilishwa mahali pawili, kila upande bila kujua wa pili. Programu hizi hazina elimu ya kuamua nani ana haki. Ikazihifadhi zote mbili, na moja ikaipachika mkia katika jina lake: jina la kompyuta iliyotoka na tarehe. Mkia huo ulikuwa katika jina la faili, si ndani ya ukurasa, kwa hiyo karatasi zilipochapishwa haukuonekana.

Deni la kweli lilikuwa shilingi 165,000: zile 120,000 zilizobaki za mbao, na 45,000 za fundi. Mwenye mbao mwenyewe alikiri kupokea zile 60,000, na risiti ikapatikana katika droo ya duka. Lakini ndugu wale walikuwa wamekwisha kununiana wiki nzima, na mama yao alikuwa bado katika eda.

Tumeisimulia habari hii kwa sababu twaamini kwamba nyumba nyingi zinakaa juu ya jambo kama hili bila kujua. Siku hizi hati za shamba, vyeti vya ndoa, orodha za mahari, hesabu za vyama vya akina mama, sauti za wazee wetu wakisoma, vyote vimo katika folda za namna hii. Na aliyeziweka aghalabu ni kijana wa nyumba, aliyebofya hapa na pale kisha akaenda zake.

Wingu ni nini, na si nini

Hifadhi ya wingu, iwe ni Dropbox, Google Drive, OneDrive ya Microsoft au iCloud ya Apple, ni kompyuta kubwa za kampuni fulani, zilizo mbali, ambazo hushika nakala ya faili zako. Programu ndogo iliyo katika kompyuta yako huitazama folda moja mchana na usiku. Ukibadilisha kitu humo, huipeleka habari winguni. Na kompyuta nyingine za nyumba, zikiwa na akaunti ile ile, huichukua habari hiyo na kujilinganisha. Kazi hii ndiyo inayoitwa kusawazisha.

Neno lenyewe lingetosha kutuonya. Kusawazisha ni kufanya vitu viwe sawa, si kuweka akiba. Ukiandika neno katika kompyuta moja, litaandikwa katika zote. Ukifuta faili katika moja, itafutika katika zote. Mtoto akivuta folda ya «Picha za Arusi» na kuitupa kwa kucheza, kompyuta haitamuuliza kama ana ruhusa ya bibi yake; itatii, na kabla hamjamaliza chai, folda itakuwa imetoweka dukani, nyumbani na Eldoret. Twasikia watu wakisema, «Mimi sina wasiwasi, vitu vyangu viko winguni.» Huyo ana nakala tatu zinazotembea kwa mguu mmoja. Akiba ni ile nakala ambayo hakuna kifanyikacho kwingine kinachoweza kuifikia: diski ya nje iliyochomolewa na kuwekwa kabatini.

Wanazuoni wetu walilijua tatizo la nakala kabla ya umeme. Mwanafunzi aliponakili kitabu hakuruhusiwa kukitegemea mpaka akikabilishe na asili, neno kwa neno, na mahali walipofika katika ukabilishaji huo waliweka alama pembeni mwa ukurasa, wakiandika kwamba hapa tumefikia. Nasi wa pwani hatuko mbali na kazi hiyo. Siyu, katika kisiwa cha Pate, palikuwa na waandishi mashuhuri wa misahafu. Alama ile ya pembeni ndiyo inayokosekana katika folda zetu. Nakala tunazo, wa kuzikabilisha hatuna.

Kabla ya kugusa chochote

Linapotokea tatizo, yaani faili haionekani, au ipo ya zamani, au alama nyekundu imejitokeza pembeni mwa skrini, jambo la kwanza ambalo vijana hulikimbilia ni kuiondoa programu, kuifuta folda na kuanza upya. Hili ndilo tunaloomba lisifanywe. Kuna faili ambazo zimo katika kompyuta hiyo moja tu kwa sababu bado hazijapanda winguni. Ukiifuta folda, umezifuta za pekee. Na folda ikifutwa huku programu ingali inafanya kazi, ufutaji wenyewe husawazishwa.

Mwezi Novemba 2023 watumiaji wa Google Drive ya kompyuta walianza kulalamika kuwa faili zao, nyingine za miezi kadhaa, hazionekani. Google ikakiri kuwapo kwa kasoro katika toleo la 84 la programu hiyo, na ushauri wake wa kwanza ulikuwa wa kujizuia: msiitoe akaunti katika programu, wala msiifute folda ambamo programu huweka data zake ndani ya kompyuta. Sababu ni hiyo tuliyoitaja: kilichokuwa hakijapanda kilikuwa bado mle ndani. Mwezi wa Desemba likatolewa toleo la 85 lenye njia ya kuzirejesha. Aliyekuwa na subira alinufaika; aliyefuta kwa hasira alijifungia mlango.

Basi fanyeni hivi. Simamisheni usawazishaji kwa muda. Programu nyingi zina mahali pa kusimamisha. Chukueni diski ya nje au flashi yenye nafasi ya kutosha. Katika kila kompyuta, moja baada ya nyingine, nakilini folda nzima na kuiweka katika diski hiyo, kila moja ndani ya folda yenye jina la kompyuta ilikotoka na tarehe: «Dukani», «Nyumbani», «Ya Binti». Ni kunakili, wala si kuhamisha. Faili yenye alama ya wingu katika OneDrive haimo ndani ya kompyuta kwa kweli. Lililopo ni jina lake tu, na yenyewe itateremshwa pale inapofunguliwa au kunakiliwa, kwa bando lako. Kazi hii yaweza kuchukua alasiri nzima. Hakuna hatua nyingine katika makala haya iliyo na thamani kama hii, na mwenye kuchoka kusoma akiishia hapa amepata alilolihitaji.

Kulitafuta lilipo tatizo

Diski ikiwa salama kabatini, rudisheni usawazishaji, kisha ingieni katika akaunti kwa kupitia kivinjari, yaani ile programu mnayosomea tovuti, mtazame faili zilivyo kule winguni zenyewe. Kule ndiko kwenye msuluhishi. Tengenezeni faili ndogo yenye neno moja katika kompyuta ya kwanza, muipe jina la «jaribio». Ikionekana winguni, kompyuta hiyo inapeleka sawasawa. Ikionekana winguni lakini haionekani katika kompyuta ya pili, basi ya pili ndiyo mgonjwa. Isipofika winguni kabisa, mgonjwa ni ya kwanza. Kwa dakika chache mtakuwa mmejua ni mlango upi wa kubisha, badala ya kuzilaumu kompyuta tatu kwa kosa la moja.

Sababu tuliyoikuta mara nyingi kuliko zote haina ufundi wowote: akaunti si moja. Baba ameingia kwa anwani yake ya barua pepe, mtoto ameingia kwa anwani aliyopewa na chuo, na kila mmoja ana folda yenye jina lile lile, rangi ile ile, nafasi ile ile. Zafanana kama milango miwili ya ukoo mmoja, lakini ndani hazifahamiani. Tazameni anwani iliyoandikwa ndani ya programu katika kila kompyuta, herufi kwa herufi.

Ya pili ni nafasi kujaa. Google hutoa bure gigabaiti 15, lakini hizo ni za Drive, barua pepe za Gmail na picha kwa pamoja; OneDrive na iCloud hutoa 5 kila moja, na Dropbox 2. Simu moja inayopeleka video za arusi winguni huzimaliza 15 hizo haraka. Zikijaa, faili mpya hazipandi, za zamani zinaendelea kuonekana, na nyumba hudhani kila kitu ki salama. Katika Google hata barua pepe husita kuingia. Mama mmoja alikuwa akingoja barua ya shule ya mwanawe, kumbe kilichoizuia ni video za ngoma ya mtaani.

Hapo ndipo wengi hufungua akaunti ya pili ya bure ili wapate nafasi nyingine, nasi hatuwalaumu, kwani maisha ni ghali. Lakini waandike mahali faili zipi ziko akaunti ipi, la sivyo watakuwa wamerudi kwenye ile sababu ya kwanza. Na wenye Dropbox ya bure wajue kwamba tangu Machi 2019 haikubali zaidi ya vifaa 3 kuunganishwa. Kompyuta mbili na simu mbili tayari zimeuvuka mpaka.

Kisha kuna habari ya bando. Wengi wetu kompyuta za nyumbani tunaziunganisha na intaneti ya simu. Windows ikiwa imeambiwa kuwa mtandao huo ni wa kulipiwa kwa kipimo, OneDrive hujisimamisha yenyewe ili isile bando. Na hujisimamisha pia kompyuta inapoingia katika hali ya kubana matumizi ya betri. Hiyo si hitilafu, ni hisani, ila hisani isiyojulikana huleta madhara. Duka la mbao lingeweza kuwa na mtandao wa simu kila siku na bado lisipeleke faili hata moja.

Kompyuta kuukuu nazo zina ugonjwa wao. Ndani ya kila kompyuta ya mezani kuna betri ndogo, bapa kama sarafu, inayoshika saa wakati umeme umezimwa. Betri hiyo ikifa, kila umeme ukikatika kompyuta huamka ikidhani ni mwaka wa zamani mno. Tovuti na hifadhi za wingu hujitambulisha kwa vyeti vyenye tarehe ya kuanza na ya kwisha. Kompyuta iliyolala miaka ya nyuma huviona vyeti hivyo kuwa bado havijaanza, ikakataa kuunganishwa. Mtu huambiwa kuwa muunganisho si salama, naye huanza kubadilisha neno la siri mara tatu. Tazameni saa na tarehe pembeni mwa skrini kabla ya jambo jingine lolote. Betri yenyewe ni ya bei nafuu na hupatikana kwa mafundi wa saa. Ama kompyuta zenye Windows 7 na 8, OneDrive ilikoma kusawazisha humo tarehe 1 Machi 2022, na hapo hakuna dawa ila mfumo mpya.

Majina ya faili pia hugoma. Windows haikubali katika jina alama ya kuuliza, nukta mbili, nyota, mkwaju wala alama za kufungua na kufunga semi. Anayetumia kompyuta ya Apple aweza kuandika «Mahari, nani kalipa?» na likakubalika kwake, kisha faili isiteremke katika kompyuta ya Windows ya nyumba, wala asijue kwa nini. Na folda ndani ya folda ndani ya folda, kila moja ikiwa na jina la sentensi nzima, mwishowe hurefusha njia mpaka Windows ishindwe kuifuata. Majina mafupi yatosha, na tarehe ianze kwa mwaka, ili faili zijipange zenyewe.

Kuna kisa kimoja ambacho hakika ni cha kutia hofu bila sababu. Mtu hufungua kompyuta akakuta faili zote za kwenye uso wa skrini na zile za nyaraka hazipo mahali pake. OneDrive ina desturi ya kuomba ruhusa, kwa maneno ya upole, ya kuzilinda folda za Desktop, Documents na Pictures. Aliyekubali bila kusoma amezihamishia ndani ya folda ya OneDrive. Hazikupotea, zimehama chumba. Tafuteni jina la faili moja mnayoikumbuka, na mtaonyeshwa ilipo.

Na wakati mwingine kosa haliko nyumbani kwenu wala kwenye kampuni ya wingu. Nyaya za intaneti zipitazo baharini hutua hapa kwetu Mombasa; TEAMS na SEACOM zilifika mwaka 2009, EASSy ikafuata. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika upande wa kusini, na Afrika Mashariki yote ikahisi uzito. Siku kama hiyo faili zenye alama ya wingu tu hazifunguki kwa urahisi, hata kama ni zako. Kwa sababu hiyo tunashauri nyaraka ambazo mtu aweza kuzihitaji kwa ghafla, kama vyeti vya hospitali, hati na pasipoti, ziwekewe alama ya kubaki ndani ya kompyuta daima. Picha za matembezi zaweza kubaki winguni.

Ikiwa kimefutwa, na ikiwa zimegongana

Faili iliyofutwa huenda kwanza katika pipa la taka la winguni, na hukaa huko siku 30 katika huduma zote nne tulizozitaja kwa akaunti za kawaida, kisha huondoka. Pipa hilo liko kwenye tovuti, si lile la kompyuta pekee. Wengi hulitazama la kompyuta, wakalikuta tupu, wakakata tamaa siku ya kumi. Siku 30 ni chache kwa nyumba iliyofiwa. Watu wanapokea wageni, mjane yumo katika eda, hakuna anayefungua kompyuta. Wanapokumbuka, muda umekwisha. Basi katika siku za mwanzo za msiba, mmoja wa familia mwenye uaminifu apewe kazi hii moja tu: kunakili folda za marehemu na kuziweka kando, bila kusoma, bila kupanga, bila kufuta.

Faili iliyobadilishwa kimakosa nayo ina njia. Winguni, kwa kubofya jina la faili, aghalabu kuna historia ya matoleo yake: nani alibadilisha, siku gani, saa ngapi. Historia hiyo ndiyo iliyotuonyesha kwamba orodha ya dukani iliandikwa asubuhi ya siku ambayo kompyuta ile haikuwa na mtandao, na ile ya nyumbani ikaandikwa siku tatu baadaye. Katika Google Drive matoleo ya zamani ya faili za kawaida huweza kuondolewa baada ya siku 30 au yakifika matoleo 100, kwa hiyo hapa pia kuchelewa ni hasara.

Zikipatikana nakala mbili zilizogongana, msichague moja na kuitupa nyingine kwa kutazama tarehe tu. Ya karibuni si lazima iwe ndiyo sahihi; kisa cha mbao chatosha kulithibitisha hilo. Zifunguliwe zote mbili, zisomwe mstari kwa mstari na watu wawili, mmoja akisoma na mwingine akifuatisha, kisha iandikwe ya tatu inayokusanya, na zile mbili ziwekwe katika folda ya kando. Panapohusika haki ya mtu, kama deni, mahari au amana, orodha ya kompyuta hatuihesabu kuwa ni ushahidi uliokamilika. Ni ukumbusho. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko aya zote, imeamrisha kuandika deni na kuweka mashahidi pia. Mdai aulizwe, risiti zitafutwe, na kila aliyekuwapo aseme alichokiona.

Sitara

Tumeliacha jambo hili karibu na mwisho, lakini kwa akina mama na dada zetu huenda ndilo kubwa. Kompyuta ya sebuleni ikiunganishwa na akaunti ya simu ya mama, kila picha anayopiga aweza kuiona yeyote anayekaa mbele ya skrini ile: picha za usiku wa hina, za wanawake waliofumua nywele ndani ya nyumba, za mtoto hospitalini. Mpwa akija na kompyuta yake, akaingizwa katika akaunti hiyo «kwa dakika moja tu ili achapishe kitu», akaondoka bila kutoka, picha hizo zitaendelea kumfuata mpaka Nairobi au Doha. Hakuna aliyekusudia ubaya, na sitara imevunjika.

Dawa yake ni akaunti ya kila mtu peke yake, na folda moja ya pamoja kwa yale ya familia, ikishirikishwa kwa majina ya watu wanaohusika, wala si kwa kiungo ambacho kila mwenye kukipata anaingia. Katika mipangilio ya akaunti kuna orodha ya vifaa vyote vilivyoingia. Itazamwe, na kisichojulikana kiondolewe. Kutoa kifaa kwa njia hii hakufuti faili winguni. Wala neno la siri la mume na mke lisiwe ndilo la watoto.

Na mwenye akaunti akifariki? Google, tangu mwaka 2013, ina mpangilio wa akaunti isiyotumika, ambapo mtu huchagua muda, kuanzia miezi 3 hadi 18, na huwataja watu mpaka 10 watakaojulishwa na kupewa faili. Apple nayo, tangu Desemba 2021, humruhusu mtu kumtaja mrithi wa akaunti yake. Asiyepanga chochote ajue kwamba Google imejipa haki ya kuifuta akaunti iliyokaa miaka 2 bila kutumiwa. Anayepanga katika Google huchagua pia ni nini kimfikie nani: mwana wa dukani apewe Drive yenye hesabu na hati, na picha apewe binti au dada, asipewe mwingine.